Mume Wangu Aliniuliza Mimi ni Nani, Bastola Mkononi

Mpendwa Mama Corliss, mimi ni msomaji wa safu yako gazetini, naomba msaada, na naomba unisamehe mwandiko, naandikia mapajani ndani ya gari nyuma ya maktaba kwa sababu nyumbani siwezi kuandika, mume wangu ananifuata chumba hadi chumba akiniuliza nafanya nini.

Mimi naitwa Marlys, mume wangu ni Gaylen, alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano mpaka alipostaafu, na tangu tuoane tumekuwa watu wa pikipiki, yeye mbele mimi nyuma, tumeizunguka milima hii ya Black Hills mpaka kona zake nazijua kwa tumbo, na kama wanaume wengi wa huku Gaylen hatoki nje bila bastola, anaivaa kiunoni upande wa kulia chini ya kizibao cha ngozi mahali ambapo hakuna anayeiona, ila mimi ninayemkumbatia nikiwa nyuma naigusa kwa mkono kila safari, na kusema kweli miaka yote hiyo ilinituliza moyo, nilijiona mtu aliyelindwa.

Majira ya baridi yaliyopita daktari alituambia Gaylen ana ugonjwa wa kusahau, ule unaokula akili kidogo kidogo, kisha akauliza kama nyumbani kuna silaha, Gaylen akajibu haraka, "Hamna, daktari, mimi mtu wa amani," daktari akanigeukia mimi, nami nikatazama viatu vyangu. Kwenye gari Gaylen akanishika goti akasema, "Asante, mama." Tangu hapo ni mimi ninayeiendesha ile pikipiki, Mama Corliss, ingawa mikono iliyoshika usukani ni yake, tukikaribia njia panda namgonga bega la kushoto akate kushoto, la kulia akate kulia, wenzetu wa chama cha waendesha pikipiki hawajui lolote, wanasema mzee bado ngangari, nami nacheka nao.

Mwezi wa tano pikipiki ilituzimikia kando ya barabara, na Orrin, rafiki yake wa tangu ujana, akageuza kuja kutusaidia, akawa anatembea kuja kwetu huku anavua glavu kwa meno, mara Gaylen akageuka na bastola imeshatoka.

"Simama hapo hapo! Nani kakutuma?"

Orrin akainua mikono, glavu inaning'inia mdomoni. Nikasema, "Gaylen, ni Orrin huyo, Orrin wetu." Akamkodolea macho, halafu akaangua kicheko, "Nakutania, fala wewe! Umejikojolea?" Orrin akaitema glavu akacheka pia, "Bado kidogo tu, bwana!" na wenzetu waliosimama mbele wakacheka, tukaenda kunywa kahawa na kula pai, habari ikawa kichekesho cha msimu. Nilimvuta Orrin kando nikamwambia ule haukuwa utani. Akasema, "Shemeji, najua. Lakini ukimnyang'anya pikipiki na silaha yake umemzika akiwa hai. Mwache mzee wa watu."

Basi nikajifanya mjanja. Gaylen akiwa amelala niliitoa risasi moja baada ya nyingine, nikazificha ndani ya mfuko wa unga, nikamrudishia bastola tupu kwenye ala yake, sikujua kwamba mikono yake haijasahau kitu. Alipoishika tu asubuhi akajua uzito umepungua, akaijaza upya kutoka boksi nisilolijua, kisha akaanza kukagua madirisha. "Marlys, kuna mtu anaingia humu ndani. Amegusa vitu vyangu." Nilitaka kusema ni mimi, nikaogopa, nikasema labda umesahau mwenyewe. "Usinifanye chizi," akaniambia. Tangu siku hiyo haivui hata akiwa mezani, na huyo mwizi niliyemzua mimi anaishi nasi.

Jumatatu nilikwenda kununua mayai na siagi. Niliporudi nikausukuma mlango wa jikoni kwa kiwiko, nikamkuta amesimama karibu na jiko, bastola imenielekea kifuani.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, Gaylen. Marlys."

"Marlys kaenda dukani."

"Ndiyo, nimerudi, baba."

"Nimekwambia Marlys kaenda dukani! Umemfanya nini mke wangu?"

Mama Corliss, kidole chake kilikuwa tayari kufyatua. Sijui maneno niliyatoa wapi, nikasema, "Marlys amenituma nilete mayai. Yuko njiani, amesema usile kabla hajafika." Akanitazama, akanitazama, kisha akashusha mkono. "Weka mezani," akasema. "Na umwambie aendeshe taratibu, barabara ina changarawe." Nikaweka mayai, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Baadaye akanifuata, akanifunika koti lake mabegani, akaniuliza kwa ile sauti yake ya siku zote, "Nani kakuliza, mama?"

Sasa Jumamosi hii chama kina msafara wa kuwakumbuka wenzetu waliofariki, na wamemchagua Gaylen aongoze, na wiki nzima anaing'arisha pikipiki yake huku anapiga mluzi. Binti yetu Janelle, anayekaa mji wa Sioux Falls, anasema nimpigie sherifu, mkuu wa polisi wa hapa, leo hii. Orrin anasema tungoje msafara upite. Ninachouliza ni hiki, ni dhambi nikimwachia Jumamosi hii moja tu, aongoze wenzake kama mwanamume, halafu Jumapili ndiyo nimwambie? Na nianze na kipi, pikipiki au bastola? Nampenda sana mume wangu. Namwogopa. Sijawahi kuyaandika hayo mawili pamoja.

Mimi, Mke wa Nyuma

*

Mke wa Nyuma,

Barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi. Gazeti hili hutoka Jumanne, na wewe ni msomaji wangu wa miaka, unalijua hilo. Uliniuliza kuhusu Jumamosi huku ukijua jibu litatoka Jumamosi imeshapita. Hukuwa unataka ushauri, ulikuwa unataka mtu wa kukuchelewesha. Ndiyo maana nilipiga ile namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, na kama nilikufokea, pole. Najibu hapa kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadilisha, kwa sababu naamini si nyumba yako peke yake yenye shida hii.

Kwanza, pole sana. Umesimama mbele ya mdomo wa bastola, umeshika mayai, na ukapata akili ya kujiokoa bila kumdhalilisha mgonjwa. Si wengi wangeweza. Lakini akili hiyo hiyo umeitumia vibaya. Umemficha mumeo kwa daktari, umemficha kwa wenzake, umemficha barabarani kwa kumgonga mabega kana kwamba magari yanayokuja mbele yenu hayana watu ndani. Na ulipotoa risasi ukanyamaza, ulimpa mtu mgonjwa adui wa kumwinda nyumbani kwake. Huyo adui alikaribia sana kuwa wewe.

Nawe Orrin, najua unasoma. Unaogopa kumzika rafiki yako akiwa hai. Mke wake je, ungemzika vipi? Ungesimama makaburini umwambie nini Gaylen, akikuuliza ni nani aliyemuua Marlys?

Uliuliza kipi kwanza. Bastola. Uliuliza lini. Nilikujibu kwenye simu: leo. Nilikwambia uichukue akiwa bafuni, uitoe nje ya nyumba, ukweli umwambie ikiwa imeshaondoka. Hukunisikia. Ulimngoja Janelle afike na Orrin aje, mkaketi jikoni Ijumaa asubuhi, saa ambazo akili yake huwa imetulia, mkamwambia uso kwa uso naye akiwa bado ameivaa. Wasomaji, msiige. Mungu alimhurumia huyu mama, ninyi msimjaribu.

Naeleza yaliyotokea kama ulivyonieleza. Ulianzia kwenye mfuko wa unga. "Hakuna mwizi, Gaylen. Risasi nilizitoa mimi. Na Jumatatu ulinielekezea bastola ukiwa umesimama hapo karibu na jiko."

"Mwongo," akasema. Akamgeukia Orrin. "Mwambie huyu anadanganya."

Orrin, namshukuru kwa hili, hakutazama pembeni. "Na mimi ulinielekezea, ndugu yangu. Siku ile nilicheka kwa sababu nilikuwa natetemeka."

Gaylen akapeleka mkono kiunoni. Janelle akainuka kwenye kiti. Baba yake akaitoa bastola, akachomoa risasi, akavuta nyuma sehemu yake ya juu kukagua kama imebaki moja ndani, yote hayo haraka kama kijana, akailaza juu ya kitambaa cha meza ikiwa wazi. Akakuuliza, "Nilikupiga?"

"Hapana."

"Basi iondoeni kabla sijasahau kwamba nimekubali."

Orrin aliiondoa, na bunduki nyingine zilizokuwa gereji pia, na lile boksi usilolijua, ambalo Gaylen mwenyewe aliwaonyesha lilipo. Ufunguo wa pikipiki hakuutoa. Alisema huo mpaka afe. Janelle aliuchukua mfukoni mwa koti la baba yake, mzee alipokwenda kunawa mikono.

Jumamosi ilikuwa mbaya kama nilivyokuonya. Aliamka amesahau kila kitu. Akavaa kizibao, akatafuta bastola kila droo, akakuita mwizi, akamwita binti yake mwizi, akaketi sakafuni gereji akalia kwa sauti ambayo ulisema hujawahi kuisikia kwake, hata siku alipomzika mama yake. Orrin ndiye aliyeongoza msafara, na aliupitisha mbele ya nyumba yenu. Mlisimama langoni, wewe umemshika mkono. Kila mwendeshaji aliyepita aliinua mkono, naye akawainulia wa kwake, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Vumbi lilipotulia akakuuliza, "Nani kafa?"

Ulinipigia jioni ukitaka kujua ulipaswa kumjibu nini. Sijui, Marlys. Nimeandika safu hii muda mrefu na swali hilo silijui. Ninayoyajua ni haya, na hayo uyafanye.

Kamwambie daktari ukweli wiki hii, wote, pamoja na siku uliyotazama viatu vyako. Hatakukaripia. Nikisikia amekukaripia, nipe mimi namba yake. Pikipiki isikae gereji ikimtazama, Orrin aichukue kwake, na ukitaka Gaylen asikie upepo wa milimani tena, Orrin ana ile yenye kiti cha pembeni, amvalishe helmeti ampandishe humo, polepole, barabara za mashambani. Atakataa mara ya kwanza. Mwombe mara ya pili. Umwachie Janelle siku zake za kukaa na baba yake, siku hizo ulale, usifue wala usipike. Na ikitokea siku amekuona mgeni tena, hata akiwa mikono mitupu, usibishane naye kuhusu jina lako. Toka nje, mpigie Orrin, ukishindwa mpigie sherifu, umwambie neno la kwanza kabisa kwamba huyu ni mgonjwa na nyumbani hamna tena silaha.

Wengine mnaosoma, mwenye mzazi au mume anayesahau jina lako na bado ana chuma kiunoni, msiniandikie. Barua huchelewa. Ondoeni kwanza, mniandikie baadaye.

Na wewe, Marlys, atakuuliza iko wapi bastola yake, kesho, keshokutwa, kila asubuhi. Usimwambie imeibwa. Usimwambie iko kwa fundi. Mwambie uliitoa wewe, na umwache akukasirikie. Hasira hiyo haitafika saa ya chakula, atakuwa amesahau, na wewe utakuwepo kumpakulia.

Mama Corliss