Njoo Hata Kama Hukupewa Ukapteni

Chanika,
Dar es Salaam.
20 Juni, 1996

Mpendwa mume wangu Twaha,

Pokea salamu za bibi yako. U mzima? Unakula, au bado unaishi kwa chai na sigara? Mie magoti yananisumbua, mengine namshukuru Mungu. Anayeniandikia ni jirani yangu Benedicta; nimemwambia asinilainishie maneno.

Barua yako nimesomewa. Unasema mlikuwa mnashuka, injini zimepunguzwa nguvu, mara ndege ya wenzenu ikatokea mbele. Chombo cha kuonya kikawaamuru mpande. Ukaivuta ndege juu kwa mikono yako, lakini nguvu za injini ukaiachia ile mashine inayoziongeza na kuzipunguza yenyewe. Nayo haikuongeza kitu. Ndege ikaanza kuishiwa mwendo, mpaka kapteni wako akasukuma vishikio vya injini mwenyewe. Sasa ukapteni wamekunyima, wamekurudisha darasani, nawe kwa aibu unasema Mfungo Sita, kwenye maulidi yetu, huji.

Twaha, ulikosea. Kama kupanda ulipanda kwa mkono, na injini ungezishika kwa mkono. Mie sijui ndege, nakurudishia maneno yako. Lakini umefika chini, na abiria wako wamefika kwao. La sivyo, watu wangekuwa wananipa pole saa hizi.

Ni kweli nilishatangaza mtaa mzima kuwa maulidi ni ya kapteni, na wanawake wameshanunua kanga za sare. Nitawaambia ukapteni haujaja, mwenyewe kaja. Anayetaka kucheka acheke huku anakula pilau yangu.

Baba yako nimemwambia, mie siri kama hii sina pa kuiweka. Akasema, "Mwambie aje hata kama ni utingo wa ndege."

Tangu tumzike babu yako, humu ndani nasikia sauti yangu tu. Bado napika wali wa watu wawili, unaobaki wanakula kuku. Zamani ndege ikipita nilikuwa natoka kuitazama. Tangu barua yako, sitoki.

Kitanda cha babu yako nimekianika uani, godoro nimelijaza sufi mpya. Kama huji, sema waziwazi nikirudishe stoo. Nisiwe natandika bure kila asubuhi.

Wanakusalimu baba yako Bakari, shangazi yako Farida na Benedicta. Mungu akushike huko juu, na chini pia.

Mkeo mkongwe, nikupendaye bila cheo,
Bibi Mwanakombo