Mtani Kanipora Deni

Maili Moja, Kibaha
14 Mei 1978

Kaka yangu Mwishehe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na mihogo ya Magindu imekubali. Huku kipindupindu kimetupita mlangoni bila kubisha hodi, Alhamdulillahi.

Najua wasiwasi wako ni nyumba. Uliuza korosho za msimu mzima nipate kianzio cha mkopo wa benki, sijasahau. Ila ugonjwa ulipoingia, kuuza chakula kilichopikwa kukapigwa marufuku. Masufuria yangu ya wali yakakaa miezi yamefunikwa, na benki inadai vilevile.

Nafuu ilitolewa, kweli. Malipo ya kila mwezi yalipunguzwa, lakini kwa wenye barua ya mwajiri tu. Jirani yangu Gregori, yule karani Mnyamwezi, mshahara wake haukuguswa hata senti, akapunguziwa. Mimi niliyefungiwa biashara nikaulizwa mwajiri wangu nani. Nikajibu ni njaa za watu. Bwana wa benki hakucheka. Jamani, iliniuma!

Gregori naye, si unajua Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani? Kila asubuhi ananizomea kwamba benki ikinitoa, atafuga mbuzi sebuleni kwangu. Nilimtukana hadi nikachoka.

Wiki iliyopita nikaona kuliko nitolewe vyombo nje watu wakitazama, bora nikaukabidhi ufunguo mwenyewe. Nikaenda Dar. Mtu wa benki akanishangaa. Akasema malipo yangu yanafika kila mwisho wa mwezi, huyaleta ndugu yangu mmoja anayependa kucheka.

Kaka, nililia palepale mbele za watu. Ni Gregori! Ile nafuu aliyopewa yeye, alikuwa anaihamishia kwangu! Nilipomwendea kumwomba nimrudishie kidogo kidogo, akakataa katakata. Akasema ameninyang'anya deni, na alichopora mtani hakidaiwi, nikidai nitakuwa nimewatukana babu zetu.

Sasa nikuambie jambo kabla hujalisikia kwa watu. Jana, yeye akiwa kazini, niliingia jikoni kwake nikapora sufuria. Anayo hiyo moja tu, na sirudishi ng'o. Biashara imeshafunguliwa, basi mchana na jioni hana budi kula kwangu, bure, hadi mmoja wetu afe. Wenye kusema na waseme.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto uwaambie shangazi yao bado ana mlango wa kufungua. Njooni mlale.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanahalima