Stendi Niliyokuwa Nikipangusa

Njeri wangu,

Huku Lanet tuko salama. Guka, babu yako, amevuna viazi, na paka amezaa tena ndani ya kabati la nguo. Natumai baridi ya huko ughaibuni haijakushinda.

Uliniuliza kwa simu kwa nini nanunua stendi kuukuu za gemu, zile wateja walikuwa wakijaribia mchezo dukani kabla ya kuununua.

Nikiwa msichana niliajiriwa kufagia duka moja mjini Nakuru. Stendi ya gemu ilikuwa karibu na mlango. Niliipangusa kila asubuhi, lakini kucheza nilikatazwa. Jumamosi moja, duka likiwa limejaa watu, ikazima. Fundi akafungua skrubu zote, akashindwa.

Nikasema, "Boss, hebu nijaribu."

Wakacheka. Lakini kwa kupangusa nilijua kuna waya wa nyuma uliolegea kila mlango ulipobamizwa. Nikausukuma kwa kidole, kioo kikawaka. Boss akanitazama, akasema, "Haya, cheza wewe kwanza."

Ulikuwa mchezo wa mpira; nilifungwa mabao sita mbele ya watu wote, na sijawahi kufurahi vile.

Stendi niliyo nayo sasa, ya tatu, niliikuta Mau Narok, mama mmoja akifugia kuku ndani yake. Nilimjengea banda, akanipa. Nimeisugua, nimebadilisha nyaya, na jana imewaka. Wamama wa chama chetu cha akiba walipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameoa.

Ukija Desemba, utacheza wewe kwanza. Kitambaa cha kupangusia nimekiacha juu yake. Anza na kioo.

Cucu, nyanya yako