Jiwe la Orlin Bado Halina Tarehe

Kaunti ya Sorley,
Dakota Kaskazini.
9 Oktoba

Mpendwa Lyle,

Habari za Anchorage? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo hutabiri theluji kabla ya redio.

Watu wengi hukosea kudhani kwamba serikali humlipa mkulima kwa kulima. Shamba la baba yako hulipiwa kwa kutolimwa. Udongo wake ni mwepesi, hupeperuka ukiguswa na jembe, kwa hiyo serikali hulipa ili nyasi zibaki. Malipo huingia kila Oktoba kwa jina lake, Orlin. Tulimzika Februari ya mwaka jana, wewe ukiwa umekwama uwanja wa ndege kwa tufani ya theluji. Wiki hii malipo yameingia tena.

Usidhani kuna aliyekusudia kuiba. Zamani hakuna aliyepeleka habari ya msiba kwenye ofisi ya malipo hayo, maana karani wetu, Ardis, ndiye aliyeimba katika mazishi yote. Jumatatu ikifika, jina keshaliondoa. Kisha ofisi ikahamishiwa kaunti jirani, ambako hawajui tumemzika nani. Kila mtu alidhani mwenzake amesema.

Juzi, pale tunapokunywa kahawa karibu na maghala ya nafaka, Gaylen alitania: "Orlin peke yake ndiye mwenye faida mwaka huu. Hata dizeli hanunui!" Tulicheka, kisha kila mmoja akainamia kikombe chake. Kiti cha baba yako kipo palepale. Hakuna anayekikalia.

Mama yako hacheki. Unaijua desturi yetu: jiwe la kaburi huchongwa la mume na mke wangali hai, ikaachwa nafasi ya tarehe ya mwisho. Mchongaji alikuja kuichonga, mama yako Lavonne akamfukuza. Nikamwambia, "Shemeji, mwache mtu wa watu amalize kazi yake."

"Serikali haimlipi maiti, Selmer," akanijibu. "Mwalimu mzima hujui hilo?"

Alisema kwa upole, macho yakiwa dirishani, nyasi zikiinama kana kwamba mtu anapita katikati yake. Nami, nisikufiche, niligeuka kutazama.

Sasa mkataba unakwisha, na ofisi inamtaka Orlin mwenyewe akatie saini kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yako ameshaifua kofia ya Orlin, na amewaahidi kwamba watakwenda wote wawili. Akitia saini kwa jina la marehemu, atashtakiwa kwa wizi. Akiungama mwenyewe, naamini atarudisha fedha tu na kubaki na shamba. Nilimweleza hayo taratibu. Akanisogezea sahani ya mkate wa viazi, akasema, "Mwanawe wa kumzaa hajamzika. Wewe unamzika kama nani?"

Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mama yako mkubwa Idella anakusalimu sana. Nisalimie Janelle na mapacha. Mungu awafunike kwa mkono wake katika baridi hiyo.

Usihangaike kunijibu. Leo hii, kabla hujaikunja barua hii, mpigie mama yako umwambie: "Mama, Baba amefariki. Nakuja tumwandikie tarehe yake."

Baba yako mkubwa, asiyechoka kukupenda,
Selmer