Nyama ya Kirusi Niliyompikia Nafula

Changamwe, Mombasa

Mama Nafula, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Goti lako linaendeleaje? Na mvua imeshuka, ama bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima na kazi ya kupakia makontena inaendelea. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ile simu yako ukishaiweka spika boma lote husikia, na haya si ya boma lote. Barua anakuletea dereva wa lori anayepita hapo sokoni akienda Malaba.

Binti yetu alifika Jumanne. Miaka sita ya Urusi imemrefusha, ama ni mimi niliyesahau. Unajua ile hospitali ya kule aliyosomea udaktari inataka kumwajiri, na anatakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha. Mimi nilitaka abaki hapa nyumbani, wewe ni shahidi. Nikaona nimpokee kwa kitu cha kumfurahisha.

Unakumbuka picha za chakula alizokuwa akitutumia? Ile ya nyama na mchuzi mweupe, wanayoiita stroganofu? Nilijifunza kuipika kwenye simu. Steki nikaikata vipande vyembamba kama vidole vya mtoto, nikaikaanga haraka na vitunguu, nikatia uyoga wa kopo na unga kidogo. Mwishoni wenyewe hutia malai iliyochacha. Mimi nilitia maziwa lala, yakakatika mabonge mabonge, nikayakoroga huku nikiyatukana.

Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, alisikia harufu akaja hadi mlangoni.

"Baba Nafula, mwana arudi kwao, nawe wampikia cha ugenini? Msongee sima, bwana, ale ajue yuko kwao."

"Mama, huyu sima alishaisahau," nikamjibu, tena nikaazima sahani zake za maua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu limevunjika.

Nafula alipoiona sahani alinitazama, kisha akala yote. "Tamu, Baba," akasema. Akauliza kama bado unaokota uyoga kule kwenye kichuguu. Akauliza, "Ugali siku hizi hupiki?" Nikacheka. "Ugali wa nini, na wewe umezoea vya wazungu?" Akainuka aoshe vyombo, nikamkalisha. "Tulia, daktari, leo wewe ni mgeni wangu." Nilijiona muungwana kweli kweli.

Asubuhi nilimsindikiza Miritini akapande treni ya Nairobi. Tulipokaribia lango la stesheni, ambalo asiye na tiketi halipiti, akanishika mkono.

"Baba, nilikuja kuona kama bado nina nafasi hapa. Jana umenijibu."

"Nimekujibu nini?"

"Umenipikia cha kule, ukanikataza hata kuosha sahani. Nimekuelewa. Sina kinyongo."

Hapo hapo askari akamhimiza apitishe mizigo, naye akaingia. Nilimtumia ujumbe kwamba nataka abaki. Akajibu, "Asante Baba, usijilazimishe."

Nimejuta, Mama Nafula. Nilitaka kumwambia karibu nyumbani, nikamwambia karibu mgeni. Bi Rukia hata hakunicheka. Alipokea sahani zake akasema, "Basi, yashapita," na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Sasa umebaki wewe. Yuko kwa shangazi yake Nairobi hadi Jumamosi, ndipo apande basi la kuja huko. Najua umeshamfunga yule jogoo mwekundu. Nakusihi, usimchinje. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nafula mpe jembe kabla hajaweka begi chini. Mtume maji. Mpeleke kwenye kichuguu akachafuke. Akinung'unika mshukuru Mungu, maana mgeni hanung'uniki.

Nisalimie mdogo wangu, umwambie yule ndama asimuuze kabla sijaja. Msalimie sana mama yangu. Mwambie asimwite mjukuu wake daktari, hata kwa mzaha. Amwite kwa kelele kutoka mlangoni, kama zamani, mpaka aitike.

Ni mimi mumeo ninayekukumbuka,
Baba Nafula