Nimebandua Boneti ya Baba, Kafukuzwa Mwosha Magari

Shangazi wa gazeti,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, na hii ni barua yangu ya kwanza kwa mtu nisiyemjua.

Shangazi, kwetu kitu kipya hakivuliwi plastiki. Makochi huu ni mwaka wa tatu yamo ndani ya nailoni, ukikaa yanalia kama bata, na ukimuuliza Mama anasema, "Yakichafuka utayafua wewe?" Basi Jumamosi iliyopita wenzangu wa darasani walikuwa waje kufanya kazi ya kikundi, nikaona aibu, nikataka angalau kitu kimoja kwetu kionekane kimefunguliwa, na kwa kuwa makochi yana Mama, nikatoka uani, nikaliona gari la Baba, boneti ina plastiki angavu ambayo ncha yake imeinuka na kushika vumbi, nikaivuta kwa ukucha, ikaja, nikavuta tena, ikaja nusu ya boneti kama ganda la ndizi, na Shangazi, nakiri kwamba nilisikia raha.

Raha iliisha kaka yangu alipotokea. "We! Hiyo si ya dukani! Fundi kaibandika siku mbili nzima, inazuia mawe yasichubue rangi!" Kisha akasema yeye hakuona kitu, akaingia ndani. Nikairudishia kwa gundi yangu ya shule, na sasa boneti imejaa makunyanzi kama maziwa yaliyoganda.

Baba alipoiona alimwita mwosha magari wetu, ambaye wote tunamwita Povu.

"Umepiga maji ya presha kwenye kingo za plastiki! Si nilikukataza?"

"Mzee, gari hii naiosha kama mtoto mchanga. Hata brashi haiijui."

Baba akamwambia asikanyage tena kwetu. Povu alikunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akaniaga, "Soma sana, mwalimu," maana ndivyo anavyoniita, nami nikaitikia kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo kila asubuhi naichungulia boneti, nikitumaini kwamba jua litainyoosha na Baba mwenyewe atamwita Povu arudi. Je, linaweza? Na kama haliwezi, nianzie wapi?

Ni mimi,
Mwenye Ukucha

*

Mwenye Ukucha,

Haliwezi. Jua lingekuwa linanyoosha plastiki, mafundi wangelala njaa.

Nimecheka mpaka nikaimwagia barua yako chai, kisha nikafika kwa Povu, nikaacha kucheka. Kubandua ulikosea kwa kutojua, na mtoto aliyelelewa juu ya makochi yanayolia angejuaje? Lakini mtu kufukuzwa mlangoni kwenu nawe unaitikia kwa kichwa, hapo ulijua, binti yangu. Ulijua vizuri sana.

Leo hii, Baba yako akishavua viatu, mwambie: "Baba, ni mimi niliyebandua, na gundi ni yangu. Povu hana kosa." Usianze na kazi ya kikundi, wala usimtaje Mama. Atafoka. Mwache afoke amalize, na usitangulize machozi ili aishie njiani. Kisha mwombe mwende wote kwa Povu. Aliyemfukuza kwa sauti amrudishe kwa sauti.

Boneti usiiguse tena. Usikwangue gundi, usimwage petroli, na pasi iache kabatini, nakuona unavyowaza. Fundi aliyebandika atatoa kipande hicho kimoja na kuweka kingine, gari zima halivuliwi. Kikishawekwa, hakioshwi mpaka fundi aruhusu. Baada ya hapo ni maji, shampuu ya gari na kitambaa laini, presha ikae mbali na kingo, kinyesi cha ndege kiloweshwe na kufutwa siku hiyo hiyo. Ncha ikiinuka anaitwa fundi, haziitwi kucha.

Kaka yako asiyeona kitu naye aende kwa Povu, akaone.

Na ukifika huko, usimpe Povu barua. Barua unaziweza mno. Simama mbele yake, mtazame, useme kwa mdomo.