Taa Aliyobaki Nayo Delfin

Taytay, Palawan
Jumamosi asubuhi

Dada Rosenda mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na yale mafua ya Pasaka yamekwisha. Shemeji Anacleto hajambo? Nyumba mpya huko ng'ambo ya ghuba haivuji? Mimi sijambo, ila tumbo langu bado linanitangulia mlangoni. Mke wangu anasema nikipanda tena pangoni itabidi wafunge mianzi miwili ya kupandia pamoja ndipo inibebe.

Zile taa ndogo za jua nilizowatengenezea wenzetu wachuma viota vya ndege mle pangoni unazikumbuka. Zilikuja na betri isiyodumu hata saa moja. Nami, fundi wa kujipachika, nikaziwekea betri za simu kuukuu, nikazifunga mpira wa baiskeli zikae kichwani, vioo nikavipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili ndege wasishtuke. Nilitengeneza tano. Crispulo akadai sasa anaona mpaka dhambi zake, nami nikaota mapembe.

Siku taa ya Crispulo ilipozimika, nilikuwa chini nimeshika kamba. Yeye alikuwa juu kiasi cha minazi mitatu. Pangoni hakuna mchana, dada. Tulisikia pumzi zake tu, kisha akaanza kushuka akipapasa mwanzi kwa vidole vya miguu. Katikati akateleza, mwanzi ukalia. Alifika chini magoti yamechunika, hawezi hata kutukana, na Crispulo unamjua.

Muda mfupi kabla ya hapo shemeji alikuwa amemwita ashuke kula, akamwita kwa jina, na mtu akiwa juu jina lake halitajwi, pepo mwenye pango asije akamjua. Wote wakamgeukia. Mdomo wako huo, Anacleto! Umemtangaza, mwenye pango kasikia! Wakaapa asitie mguu mle tena. Shemeji alinitazama, akingoja nimtetee. Nikainama, nikajifanya nakunja kamba. Ndiyo maana mkahama, na ndiyo maana mwanao Delfin anapanda badala ya baba yake.

Dada, haikuwa jina. Ilikuwa mimi. Betri zile hazikuenea, nikang'oa gundi ya kiwandani iliyozuia maji, nikaziba upya kwa nta ya mishumaa tuliyokuwa tukipandia zamani. Nta! Kwenye taa inayoanikwa juani kila siku ipate chaji! Ikayeyuka, unyevu wa pango ukaingia. Niliifungua ile ya Crispulo jioni ileile, nikakuta nyaya zimekuwa kijani. Nimekaa na jambo hili wiki tatu, nikiogopa macho ya watu.

Jana nilipita nyumba kwa nyumba nikidai nataka kuzisafisha. Mbali na ya Crispulo nimepata tatu, na mbili kati ya hizo zimeshaanza kuoza ndani. Ya tano anayo Delfin. Nilimkuta gatini nikamwomba, akacheka mbele ya watu: mjomba, wewe ukishaichukua utaiuza, hii siitoi, ndiyo inayowaka kuliko zote! Nilishindwa kumwambia kwa nini. Nikamtazama akipanda mashua nayo. Jumatatu wanaingia pangoni, na barua hii inavuka na mashua ya leo. Tangu jana, nikifumba macho nausikia ule mwanzi.

Najua haya yalipaswa kuwa mstari wa kwanza, lakini mkono ulikimbilia salamu. Basi weka barua chini sasa hivi, ukamvue mwanao taa hiyo, uiponde kwa jiwe. Akikubishia, mwambie mjomba wake nusura amuue mtu. Kisha mpe shemeji barua hii aisome kwa sauti mbele ya wachuma viota wote, na jina langu asilifiche. Jumatatu nitakuwa mlangoni pa pango kabla yao. Naogopa, dada, lakini nitakuwepo.

Msalimie mkwe wako, na ukibusu kile kichanga cha Delfin, kibusu mara mbili, moja yangu.

Mdogo wako,
Policarpio